Mzee Saini na Furushi la Sauti

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliishika miaka thelathini na miwili: jalada halitoki mahali pake mpaka liandikwe daftarini, na anayelichukua atie saini. Hakujali nani anaomba. Mkuu wa ofisi alisaini, na mkuu wa huyo mkuu alipokuja ukaguzi naye alisaini. Siku moja waya uliungua ghorofa ya pili, jengo likajaa moshi, watu wakakimbilia nje na walichoweza kubeba. Yeye alibaki mlangoni mwa masjala na kalamu mkononi, anakohoa, anamuuliza kila aliyepita na majalada kwapani anayapeleka wapi na atayarudisha lini. Ndipo walipomwita Saini. Alipostaafu jina lilimfuata nyumbani, likaongezewa umzee tu.

Asichekwe mtu kwa kanuni kabla haijajulikana ilizaliwa wapi. Mwaka wake wa kwanza kazini alimpa bwana mmoja jalada la kiwanja bila kuandika, kwa kuwa bwana yule alikuwa na haraka na alikuwa na tabasamu zuri. Jalada halikurudi. Mjane mmoja akakosa ushahidi wa nyumba aliyolala miaka kumi na tisa, akawa anakuja kukaa kwenye benchi la ukumbini kila asubuhi, mkoba mapajani, hamwambii mtu neno. Wiki ya pili hakuja tena. Karani kijana alijiapiza mbele ya benchi lile tupu. Kilikuwa kiapo kizuri. Ila kiapo kizuri nacho kina hatari yake: mtu anaweza kukilalia kama godoro, akasahau kwamba alikiapa kwa ajili ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

Mzee Saini alikuwa na dada yake mkubwa, mkunga. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Wanawake walisema kwamba dawa yake ya kwanza ilikuwa sauti: aliongea na mzazi taratibu, kama anayemmiminia maji ya uvuguvugu mgongoni, na mzazi akajikuta anapumua kabla hajaambiwa apumue. Miaka miwili baada ya yeye kustaafu ukunga, uvimbe ulimwota kooni. Madaktari walimwokoa, lakini ilibidi waondoe sehemu ya koo inayotengeneza sauti. Akahamia kwa mdogo wake, akiwa na kibao cheupe na kalamu ya wino unaofutika, na tangu hapo maneno yake yote yalipita kwenye kibao. Aliandika haraka, kwa herufi kubwa, na ugonjwa haukumpunguzia ulimi hata kidogo.

Hospitali ikaleta neema. Kulikuwa na mradi wa mashine ndogo, ya ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ambayo mgonjwa anaiandikia neno nayo inalitamka kwa sauti yake mwenyewe mgonjwa, ile ya zamani. Kilichotakiwa ni kumpa mtaalamu sauti iliyorekodiwa kabla ya upasuaji, mashine ijifunzie. Mgonjwa mmoja angepata mashine moja, na orodha ingefungwa baada ya wiki sita, Ijumaa saa kumi jioni. Mtaalamu, binti mwenye miwani na subira nyingi, aliwaeleza kwa upole kwamba mashine huiga inachosikia tu. Ikipewa kicheko itaongea kama anayecheka, ikipewa usingizi itaongea kama mwenye usingizi. Wamletee sauti za kila namna.

Lakini sauti haikuwepo. Mkunga alikuwa mtu wa kuja mwenyewe, si wa kutuma ujumbe wa sauti, na harusini mtu wa kamera akimkaribia alikuwa anageukia ukutani. Mara moja tu katika maisha yake alikubali kurekodiwa. Kijana mmoja aliyezalishwa naye alikuwa anatengeneza mchezo wa kompyuta na wenzake, na mama wa kijana yule akaja kumbembeleza. Mkunga akaenda siku tatu mchana, kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani, akasoma maneno ya bibi kizee anayelinda lango la mji. Mchezo ulitoka, ukauzwa kidogo, ukasahaulika. Kijana alihamia mbali. Kilichobaki ni nakala moja ya mchezo wenyewe, kabatini, chini ya vitambaa vya meza.

Wakaipeleka kwa Mama Chaji, mwenye kibanda cha kuchajia simu na kutengeneza kompyuta. Mama Chaji aliwaeleza kwamba mchezo hauweki sauti zake mojamoja. Unazifunga zote pamoja kwenye faili moja kubwa, kama furushi lililopigwa fundo, na kompyuta peke yake haijui kulifungua fundo hilo. Ila kuna programu ndogo, ya bure, iliyotungwa na watu wapendao kuchungulia ndani ya michezo. Akaenda nao nyumbani, akaiweka kwenye kompyuta yao, ile nzee yenye feni inayonguruma, akaielekeza kwenye furushi, na orodha ikaanza kuteremka kwenye kioo. Ikateremka mpaka Mzee Saini akavuta kiti akakaa. Zilikuwa sauti elfu kumi na moja mia sita na arobaini. Hakuna yenye jina. Zilikuwa na namba tu.

Vitufe vilikuwa viwili. Kimoja cha kutoa faili moja uliyoichagua, kingine cha kutoa zote.

"Bonyeza hiki cha zote, baba, nenda kanywe chai," Mama Chaji alisema. "Ukirudi zitakuwa nje. Tunazipanga kwa ukubwa, maana maneno ya mtu ni marefu kuliko mlango kugongwa. Mpaka jioni dada tumempata."

"Zote?"

"Zote."

"Bila kuandika?"

Mama Chaji akacheka sana, akampiga begani. Alidhani ni utani.

Kesho yake Mzee Saini alifungua masjala kwenye meza ya kulia chakula. Alinunua madaftari mawili makubwa, akayapigia mistari kwa rula: namba ya jalada, saa ya kutoka, maelezo, saa ya kurudi, saini. Akatoa kabatini muhuri aliostaafu nao na kidau cha wino. Saa za kazi alizibandika ukutani: saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, chakula cha mchana nusu saa. Halafu akavaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote, akatoa jalada namba moja.

Lilikuwa mlango unafunguka. Namba mbili ulikuwa mlango unafungwa. Namba tatu ulikuwa mlango unafunguka polepole, naye akausikiliza mara nne kabla ya kuandika "polepole", kwa kuwa neno likishaingia daftarini haliondoki.

Wiki ile ya kwanza alizipitia hatua za miguu. Kulikuwa na hatua za mchangani, za majanini, za kwenye maji, za kwenye ubao, na kila moja ilikuwa na mguu wa kulia na wa kushoto, naye akaziandikia kila moja mstari wake. Wiki ya pili watu walianza kuanguka. Daftari linasema: "2,207. Mtu anaanguka kutoka juu. Hajulikani." Linaendelea: "2,208. Mtu huyohuyo, anaanguka tena." Mpaka 2,231 alikuwa bado anaanguka, na Mzee Saini alikuwa ameanza kumwonea huruma. Lilipoingia zimwi lenye kunguruma, jirani alikuja mlangoni kuuliza kwa adabu kama kuna mgonjwa. Zimwi liliandikiwa "siri" kwa wino mwekundu, kwa vile mzee hakutaka lisikike tena kwa majirani.

Ilipofika namba 3,118 kazi ilisimama saa nzima. Hakuweza kuamua kama ni kuku au mtoto mchanga. Akamwita mkewe kutoka jikoni, mkewe akasema kuku. Akamwita dada yake kama shahidi mtaalamu. Mkunga alisikiliza, akaandika kibaoni: NIMEZALISHA ELFU MBILI. AKILIA HIVYO MRUDISHENI ALIKOTOKA. Mzee Saini akaandika "kuku", akaongeza kwenye mabano "kwa ushauri".

Mkewe alivumilia wiki mbili, maana alikuwa ameolewa na masjala kabla ya hapo na alijua joto lake. Wiki ya tatu alikaa mbele ya meza, akamuuliza kwa hesabu ya kawaida kabisa: majalada mia tatu kwa siku, siku thelathini za kazi, ni mangapi? Mzee Saini akajibu elfu tisa. Na yaliyomo ni mangapi? Mzee Saini akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba watoto. Basi fanya hata Jumamosi."

"Jumamosi masjala imefungwa."

"Masjala gani? Hii ni meza yangu. Nakata vitunguu hapa."

Dada naye alikuwa amekuja na kibao. Aliandika mengi kuliko kawaida, akafuta, akaandika tena, ili maneno yatoshe. Alikuwa anakumbuka zile siku tatu. Siku mbili za kwanza alirekodi ukali, bibi akimfukuza msafiri langoni. Siku ya tatu ndiyo alirekodi upole, bibi akimpokea. Basi upole lazima uwe mwishoni mwa furushi. Akapiga mstari chini ya maneno ya mwisho: ANZIA MWISHO. NATAKA ILE.

Mzee Saini aliyasoma mara mbili. Hakuwa mtu katili, na alimpenda dada yake, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kuandika namba nane bila kuinua kalamu. Lakini aliona, nyuma ya namba za mwisho, majalada maelfu yaliyorukwa, yasiyoandikwa, yakimtazama. Akamwambia kwamba kila jalada litafika zamu yake. Kisha akampa fomu. Ilikuwa fomu ya kuomba kupatiwa jalada nje ya utaratibu, aliyoichora mwenyewe kwa mkono, na ilitakiwa ikae siku kumi na nne kabla ya kujibiwa.

Mkunga akageuza fomu, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya kibao: CHELEWA CHELEWA UTAMKUTA MTOTO SI WAKO. MIMI NDIYE NINAYEJUA. Fomu ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Jumatano ya wiki ya nne daftari la pili lilijaa, Mzee Saini akatoka kwenda kununua la tatu. Mkewe akafuta mikono, akakaa kwenye kiti chake, akatafuta kitufe alichokuwa amekisikia kikitajwa na Mama Chaji, akakibonyeza. Feni ikanguruma. Kabla wali haujakauka maji, sauti zote elfu kumi na moja mia sita na arobaini zilikuwa zimelala nje kwenye folda moja, tayari. Akamwita wifi yake. Wawili wale wakasimama mbele ya kioo wameshikana mikono kama watu waliookota mtoto. Hawakujua namna ya kuzipanga kwa ukubwa, wakaamua kumngoja Mama Chaji, ambaye alikuwa amepelekewa salamu aje mbio.

Aliyewahi kufika alikuwa Mzee Saini, na daftari jipya kwapani. Alitazama kioo. Ilikuwa moshi wa ghorofa ya pili tena, watu wanakimbia na majalada, na yeye hayuko mlangoni.

"Zimetoka," mkewe alimwambia kwa upole. "Baba watoto, kazi imekwisha. Ziko hapa zote."

"Zimetoka bila kuandikwa."

"Lakini zimetoka."

"Hazijatoka," Mzee Saini alisema, akakaa, akaifuta folda nzima. Akaifuta na kwenye pipa la taka. Kisha akafungua daftari la tatu, akapiga mistari kwa rula, akaendelea na namba 5,212, ambayo ilikuwa ndoo inadondoka. Tangu hapo kila alipoinuka mezani aliondoka na waya wa umeme wa kompyuta na nakala ya mchezo mfukoni.

Mama Chaji alifika anahema, akaelezwa, akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile mkewe naye aliacha kusema naye, kwa hiyo nyumba ikawa na wanawake wawili wasiosema: mmoja hawezi, mwingine hataki. Sauti pekee zilizosikika mchana kutwa zilikuwa za furushi. Hapa ndipo penye hukumu ya habari hii. Kuna kosa la asiyejua, na kuna kosa la aliyeletewa haki yake mezani akaitupa kwa sababu haikupigwa muhuri. La kwanza watu husameheana kila siku.

Alhamisi ya wiki ya sita, saa nne kasoro, lilitoka jalada namba 8,516.

"Nani huyo? Rudi ulikotoka kabla sijakutoa kwa fimbo."

Mkewe alidondosha kijiko jikoni. Mkunga alikuja kutoka chumbani bila viatu. Mzee Saini akaurudia mstari ule, kisha akaurudia tena, na wote watatu wakasimama wanalia mbele ya bibi kizee aliyekuwa anawatishia fimbo. Ilikuwa sauti yake. Mkewe alisahau kununa, akamshika mumewe mkono, akamsihi kwa machozi: sasa ruka, nenda mwisho, umebakiwa na leo na kesho. Dada alinyoosha kidole tu, kuelekea chini ya orodha.

"Zinakuja," Mzee Saini alisema, naye anafuta macho. "Tumeshafika mlangoni kwake. Zinakuja kwa zamu."

Kilichofuata ni ukali. Hapa hupiti. Hata ukilia hupiti. Mama yako ndiye kakufundisha kugonga hivyo? Ondoa mguu wako kwenye kizingiti changu. Ijumaa nzima bibi alimfukuza msafiri, na Mzee Saini aliandika kila tusi neno kwa neno, kwa mwandiko safi. Saa tisa na nusu alifunga daftari kwenye namba 9,000. Akabeba hospitalini sauti mia nne themanini na tano, zote zikiwa zimeorodheshwa. Binti mwenye miwani alisikiliza chache, akainua uso.

"Hakuna nyingine, baba? Hizi zote anafokea watu."

Mzee Saini alisema zipo ila hazijafikiwa. Binti alimwambia orodha inafungwa saa kumi, na ilikuwa imebaki robo. Akamwekea karatasi mbele: hizi ndizo sauti zote zinazowasilishwa kwa mgonjwa huyu. Mzee Saini alitoa kalamu yake mwenyewe, akasaini.

Hakuacha kazi. Jumatatu saa mbili alirudi mezani, akaanza na 9,001. Ijumaa iliyofuata, saa nane mchana, alitoa namba 10,388.

"Umechoka, mwanangu. Ingia. Weka mzigo chini, mimi nipo."

Ilikuwa ile iliyowazalisha watu. Mzee Saini aliinuka. Hakuandika namba, hakuandika saa. Aliichukua sauti ile na zilizo jirani nayo, akakimbia. Mtu wa miaka sitini na mitatu, shati limefungwa vifungo vyote, alikatiza mtaa mzima mbio, na waliomjua wakadhani nyumba imeshika moto.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na huzuni ya kweli. Sauti zilishapelekwa, mashine ilishaundwa, mradi ulishafunga mahesabu ya wagonjwa wake na mafundi wamehamia mji mwingine.

"Hata moja hii tu," Mzee Saini alisema. "Ni fupi."

"Hata ningekubali mimi, nani angeniuliza? Wangeiuliza karatasi. Ulisaini mwenyewe, baba, kwamba ni hizo tu."

Jibu lile alikuwa amelitoa yeye kwa watu miaka thelathini na miwili. Alirudi nyumbani kwa miguu. Akafungua daftari, akaiandika 10,388 na saa yake ya kutoka, na kwenye maelezo akaandika "dada". Alipomwekea dada yake aisikie, mkunga alisikiliza mara moja, akaandika: ZIMA.

Mashine ilifika baada ya wiki mbili, na ilifanya kazi vizuri kupita walivyotarajia. Kila alichoandika mkunga ilikitamka kwa sauti yake, bila kukosea, kwa ukali wa mlinzi wa lango. Aliomba chumvi mezani, na mkwe aliyekuwa mgeni siku ile akasimama. Alimtakia mdogo wake usiku mwema, ikawa kama amri ya kuhama. Mwanamke mmoja aliyezaliwa mikononi mwake alimletea kichanga chake cha siku tisa akione. Mkunga aliandika: mtoto mzuri, Mungu akukuzie. Mama yule aliyasikia maneno, na maneno yalikuwa mazuri, lakini mikono yake ilimfunika mtoto na miguu yake ikarudi nyuma hatua mbili. Mtoto alianza kulia. Mkunga aliizima mashine, akachukua kibao, akaandika samahani.

Siku hizi mashine inakaa jikoni, na mke wa Mzee Saini huitumia kufukuzia paka.

Mzee Saini alimaliza furushi. Madaftari matano yako kabatini, namba moja hadi elfu kumi na moja mia sita na arobaini, kila mstari na saini yake, na hakuna hata jalada moja lililopotea. Muda uliopungua ulikuwa wa siku tano za kazi, na Jumamosi na Jumapili alizofunga masjala kabla ya orodha kufungwa zilikuwa kumi. Kwa siku hizo tano dada yake, ambaye yuko hai na ana maneno yake yote, hawezi tena kumtamkia mtu neno la upole likasikika kuwa la upole.